Mraba au Duara? Bomba la Chuma Lichaguliwe kwa Kani, Si kwa Mazoea

Mtu apitaye leo katika karakana za mafundi chuma, ziwe za Gerezani jijini Dar es Salaam, za Kamukunji jijini Nairobi, au za mji mdogo wowote wenye umeme na mashine ya kuchomelea, ataona jambo moja likirudiwa kila mahali. Fremu ya mashine ya kusaga nafaka imeundwa kwa mabomba ya mraba. Mashine ya kupukuchulia mahindi nayo ni ya mraba. Tela la trekta, kiunzi cha pampu, meza ya msumeno, yote ni mraba juu ya mraba. Bomba la mviringo limeachiwa maji, vitanda na nguzo za uzio. Na ukimwuliza fundi sababu ya uchaguzi huo, mara nyingi atakujibu bila kusita kwamba bomba la mraba lina nguvu kuliko la mviringo. Jibu hilo limesemwa mara nyingi hata limekuwa kama kanuni ya sayansi, na kijana anayejifunza kazi hulipokea siku ile ile anayofundishwa kushika tupa.

Maoni yangu ni kwamba jibu hilo ni kweli nusu, na katika kazi ya mitambo kweli nusu ni kitu cha gharama. Bamba la chuma linalokunjwa kuwa mabomba haya huagizwa kwa sehemu kubwa kutoka ng'ambo. Kila kilo iliyowekwa mahali isipohitajika hulipwa na mkulima anunuaye mashine, na kila kilo iliyokosekana mahali ilipohitajika huonekana siku tela linapokatika njiani likiwa na mzigo na watu. Kwa hiyo swali la mraba au duara si la fundi peke yake. Ni swali la mwalimu wa fizikia, la mwalimu wa hisabati, na la mwanafunzi ambaye kesho atasimama karakanani akiwa na chaki mkononi na bomba mbele yake.

Kwa nini bomba, wala si nondo?

Kabla ya kulinganisha maumbo mawili, yafaa tukumbuke kwa nini chuma hutobolewa katikati. Shika rula ya plastiki uipinde. Upande wa juu wa mpindo huvutika, upande wa ndani hugandamizwa, na sehemu iliyo katikati haifanyi kazi kubwa. Hali ni hiyo hiyo katika nondo ya chuma inayopindwa. Basi chuma cha katikati kikiondolewa na kupelekwa nje, mbali na mstari wa kati, kiasi kile kile cha chuma hufanya kazi kubwa zaidi. Maumbile yaliijua siri hiyo kabla yetu: mwanzi una uwazi ndani, na mfupa wa ndege pia. Galileo Galilei aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638, akitoa mfano wa mifupa ya ndege na mabua ya matete, vitu vilivyo vyepesi lakini havivunjiki kwa urahisi.

Kutokana na hayo twapata kanuni ya kwanza: thamani ya chuma katika mtambo haitokani na wingi wake tu, bali na mahali kilipowekwa. Na mahali pa kukiweka hutegemea kani inayokijia. Kani hizo, kwa kazi yetu, ni za namna nne. Kuna kuvuta, kama mnyororo unavyovutwa. Kuna kugandamiza, kama nguzo inavyobeba paa. Kuna kupinda, kama ubao wa daraja unavyolemewa na mpita njia. Na kuna kusokota, kama mtu anavyokamua nguo. Fundi aulizaye "mraba au duara?" kabla ya kuuliza "kani gani?" ni kama tabibu anayetoa dawa kabla ya kusikia ugonjwa.

Ulinganisho wa haki

Sasa tuchukue mabomba mawili, moja la mraba na moja la mviringo, yote yakiwa na upana wa nje wa milimita 50 na ukuta wenye unene wa milimita 3. Fundi akiyapinda mawili haya ataona kwamba la mraba ni kakamavu zaidi, na atakuwa amesema kweli. Katika kupinda, bomba la mraba la upana huo huzidi lenzake kwa ukakamavu wa asilimia 70 hivi. Hapa ndipo ile kanuni ya karakanani ilipozaliwa.

Lakini tuyapime kwenye mizani. Chuma cha kawaida kina tungamo la kilo 7,850 hivi kwa kila mita ya ujazo. Bomba la mviringo litakuwa na kilo 3.5 hivi kwa kila mita, na la mraba kilo 4.4 hivi, zikipungua kidogo kwa sababu kona zake huwa zimeviringwa. Kwa urefu wa mita 6, ambao ndio hutumika sana madukani, tofauti inakaribia kilo 6. Yaani tumelinganisha kitu chenye chuma kingi na kitu chenye chuma kichache, kisha tukastaajabu kwamba kile chenye chuma kingi kimeshinda! Mwanafunzi wa sayansi hafanyi hivyo. Anayetaka kujua athari ya kitu kimoja huhakikisha vitu vingine vyote vimebaki sawa. Anayetaka kujua athari ya umbo sharti alinganishe tungamo moja kwa tungamo moja.

Tufanye basi ulinganisho wa haki. Bomba la mviringo lenye ukuta wa milimita 3 na tungamo sawa na lile la mraba la milimita 50 litakuwa na kipenyo cha nje cha milimita 63 hivi. Katika kupinda, bomba hili la mviringo lina ukakamavu uliozidi ule wa mraba kwa asilimia 22 hivi. Katika kusokota, linauzidi kwa asilimia 62 hivi. Ushindi umegeuka upande.

Mwalimu apendaye kulithibitisha hili pamoja na darasa lake atumie hesabu ya mabomba yenye ukuta mwembamba. Tuite D kipenyo kinachopimwa katikati ya ukuta, a upande wa mraba unaopimwa vivyo hivyo, na t unene wa ukuta. Ukakamavu wa kupinda hufuata πD³t ÷ 8 kwa mviringo, na 2a³t ÷ 3 kwa mraba. Ukakamavu wa kusokota hufuata πD³t ÷ 4 kwa mviringo, na a³t kwa mraba. Tungamo likiwa sawa na unene ukiwa sawa, mizingo nayo ni sawa, yaani πD = 4a. Kilichobaki ni kazi ya dakika kumi ubaoni.

Hata hivyo haki haina upande, nasi tusimpunje mraba sifa yake. Ukakamavu ni jambo moja, na uimara ni jambo jingine: ukakamavu ni kukataa kupinda, uimara ni kubeba mzigo bila kuharibika. Kwa uimara wa kupinda, tungamo likiwa sawa, bomba la mraba humtangulia mwenzake kwa asilimia 5 hivi, mradi mzigo ushuke wima juu ya uso wake. Mzigo ukija kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, uimara huo hupungua kwa karibu asilimia 30, na mviringo hupita mbele. Bomba la mviringo halina upande mnyonge. Kani itokako kokote hulikuta na sura ile ile.

Madaraja mawili

Historia ya uhandisi yaonyesha jambo hili kwa ukubwa usiosahaulika. Katikati ya karne ya 19, mhandisi Robert Stephenson wa Uingereza alipewa kazi ya kuvusha reli juu ya mlangobahari wa Menai, huko Wales. Aliwaza kutumia bomba kubwa sana la chuma ambalo garimoshi lingepita ndani yake, na mwanzoni mawazo yake yalikuwa juu ya bomba la mviringo au la umbo la yai. William Fairbairn, akisaidiwa na mwanahisabati Eaton Hodgkinson, alifanya majaribio ya mabomba ya mviringo, ya umbo la yai na ya mstatili, akiyalemeza mpaka yaharibike. La mstatili ndilo lililoshinda. Daraja la Britannia likajengwa hivyo na kufunguliwa mwaka 1850.

Miaka 40 baadaye, yaani mwaka 1890, lilifunguliwa daraja la reli la Forth huko Scotland, lililosanifiwa na John Fowler na Benjamin Baker. Humo viungo vikubwa vinavyogandamizwa ni mabomba ya mviringo yenye kipenyo cha futi 12, yaani karibu mita 3.7. Je, Baker alisahau majaribio ya Fairbairn? La, hasha. Bomba la Menai lililala likipindwa na uzito wa garimoshi kutoka juu kwenda chini, na kwa kazi hiyo chuma kinatakiwa kiwe juu na chini. Kile kilicho ubavuni mwa mviringo kingekuwa mzigo tu. Mabomba ya Forth yamesimama yakisukumwa kutoka ncha hadi ncha, na hatari yao kubwa ni kupinda ghafla kuelekea upande wowote. Mwanahisabati Leonhard Euler alikwisha kuonyesha katika karne ya 18 kwamba nguzo ndefu hushindwa kwa namna hiyo, na kwamba mzigo inaoweza kustahimili hulingana na ukakamavu wake wa kupinda. Ndiyo maana mviringo ulifaa. Wahandisi wa nchi moja, katika muda usiofikia nusu karne, walichagua maumbo mawili tofauti, na wote walikuwa sahihi kwa sababu wote walianza na kani.

Kani inayosahauliwa

Kati ya zile kani nne, ile inayosahauliwa mno katika karakana zetu ni ya kusokota. Mzigo unaopinda huonekana kwa macho, lakini msokoto hujificha. Tela likipita barabara mbovu, gurudumu moja likitumbukia shimoni na jingine likibaki juu, fremu nzima inakamuliwa kama nguo. Injini iliyofungwa pembeni mwa fremu, ikivuta mkanda, huisokota fremu hiyo kila ipigapo moto. Mpini wa usukani, mhimili wa kuvutia ndoo kisimani, na shafti inayopeleka nguvu ya injini ya lori kwenye magurudumu ya nyuma, vyote hivi huishi kwa kusokotwa. Tazama shafti ya lori: ni bomba la mviringo. Haikuwa hivyo kwa urembo.

Sababu yake ni nzuri na rahisi kufundisha. Mwaka 1896 mhandisi Mjerumani Rudolf Bredt alitoa kanuni ya mabomba yenye ukuta mwembamba: ikiwa mzingo na unene ni sawa, ukakamavu wa kusokota huongezeka kwa kipeo cha pili cha eneo lililozungukwa na ukuta. Wazee wetu waliojenga nyumba za msonge walijua kwamba ukuta wa urefu uleule hupata nafasi kubwa zaidi ukizungushwa duara kuliko ukipigwa pembe nne. Ziada hiyo ni asilimia 27 hivi. Basi zidisha 1.27 kwa 1.27, utapata 1.6 na kitu, na hiyo ndiyo asilimia 62 tuliyoiona hapo juu. Hesabu ya msonge na hesabu ya shafti ya lori ni hesabu moja.

Kuna onyo kubwa kuliko hilo. Bomba, liwe la mraba au la mviringo, huhimili msokoto kwa sababu limefungika pande zote. Ukilipasua kwa mstari mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, hujaondoa chuma chochote cha maana, lakini ukakamavu wake wa kusokota huanguka vibaya mno. Kwa lile bomba la mviringo la milimita 50 lenye ukuta wa milimita 3, huanguka kwa zaidi ya mara 180. Chuma cha pembe, kile chenye umbo la herufi L, na chuma cha mfereji, chenye umbo la herufi U, ni ndugu wa bomba lililopasuliwa. Fundi anayeunga vyuma viwili vya pembe ili apate umbo la mraba, kisha akavishikiza kwa weldi za hapa na pale, hajapata bomba kamili. Kwa hiyo mahali penye msokoto, jambo la kwanza si mraba au duara, bali ni kufungika.

Hoja za fundi zisikilizwe

Nisieleweke kwamba napendekeza mraba utupwe. Fundi ana hoja zake, na nyingi ni za haki. Bomba la mraba hukatwa kwa msumeno kwa mstari mmoja ulionyooka, na vipande viwili hukutana sawasawa bila mwanya. Bomba la mviringo likikutana na jingine la mviringo sharti mdomo wake uchongwe kama tandiko la farasi, ndipo weldi ishike pande zote. Anayeliweka bila kuchonga huacha mianya mikubwa, kisha huijaza kwa weldi, na kiungo hicho ndicho kitakachopasuka kwanza kwa mtikisiko wa injini. Tena, uso bapa wa mraba hupokea beringi, injini na bolti kwa urahisi. Keekee haitelezi juu yake. Bomba moja la mraba likiingia ndani ya jingine huteleza bila kuzunguka, jambo lifaalo sana kwa viunzi vinavyorefushwa na kufupishwa. Jembe lililobanwa juu ya mhimili wa mraba halizunguki hata likigonga kisiki. Kwa fremu inayosimama sakafuni, ambayo mizigo yake hushuka wima na viungo vyake ni vingi, mraba ni chaguo jema, na pengine mstatili uliosimamishwa ni bora zaidi. Mstatili ambao kimo chake ni mara mbili ya upana wake, ukiwa na chuma kiasi kile kile cha mraba, huuzidi mraba kwa ukakamavu wa kupinda kwa karibu nusu nzima.

Lakini mraba nao una adabu zake, na asiyezijua huadhibiwa. Bomba jembamba likichomelewa katikati ya uso wa bomba pana la mraba, husukuma uso ulio bapa na mwembamba, nao hubonyea mithili ya debe. Kipande kinachounganishwa kilingane na uso huo, au kiwekewe bamba la kueneza mzigo hadi kwenye kuta za pembeni. Bolti ikikazwa kupita ndani ya bomba tupu huzikunja kuta zake. Sharti iwekewe kipande cha bomba dogo ndani kiwe kizuizi.

Mafundi wengine, wakikosa bomba la mviringo la kazi za mitambo, huchukua bomba la maji. Hapo pana mambo mawili ya kujihadhari. Kwanza, bomba la maji haliitwi kwa kipimo chake cha nje: liitwalo la inchi 2 lina kipenyo cha nje cha milimita 60 hivi, wala si 50, na michoro mingi imeharibika kwa kutolijua hilo. Pili, mabomba mengi ya maji yamepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, wakati chuma hakijakaribia kuyeyuka, na moshi wake mweupe humletea mchomeleaji homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Tabaka la zinki liondolewe kwanza mahali pa weldi, na kazi ifanyike penye hewa ya kutosha.

Hoja ya mwisho ya fundi ni kwamba muda nao ni fedha: kuchonga mdomo wa bomba la mviringo kwachukua muda, na mteja anangoja. Ni kweli. Ila karatasi moja iliyokatwa kwa hesabu ya darasani na kuzungushwa kwenye bomba huonyesha mstari wa kuchonga kwa dakika chache, na karatasi hiyo yaweza kutumika tena na tena kwa mabomba ya kipimo kile. Kazi hiyo ya jiometri haimshindi mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Upana kabla ya umbo

Kuna jambo jingine ambalo ubishi wa mraba na duara hulifunika. Tumeona kwamba, kwa chuma kiasi kilekile, umbo huweza kuleta tofauti ya asilimia 22 katika ukakamavu wa kupinda. Sasa chukua bomba la umbo lolote, uongeze upana wake mara mbili na kupunguza unene wa ukuta kwa nusu. Tungamo ni lile lile, lakini ukakamavu umekuwa mara 4. Haya ndiyo mavuno makubwa, na karakana nyingi hupita karibu nayo bila kuyaona kwa sababu zimeshughulika kubishana juu ya umbo. Mipaka ipo, bila shaka: ukuta mwembamba mno hutobolewa na moto wa weldi, hubonyezwa na jiwe, na huliwa upesi na kutu, hasa katika miji ya pwani. Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo, bomba pana lenye ukuta wa wastani hushinda bomba dogo lenye ukuta mnene karibu kila mara.

Kwa kuwa unene una uzito mkubwa namna hiyo katika hesabu, mnunuzi asitegemee neno la mdomo. Apime ukuta kwa kipimio cha venia au apime bomba zima kwenye mizani. Bomba la mraba la milimita 50, lenye ukuta wa milimita 2 na urefu wa mita 6, liwe na kilo 18 hivi. Likiwa na kilo 14, ukuta wake ni wa milimita 1.5 tu, na mashine iliyosanifiwa kwa ukuta wa milimita 2 isijengwe kwalo. Haba na haba hujaza kibaba. Nusu milimita hapa na nusu milimita pale ndizo zinazotenganisha fremu idumuyo na fremu ipasukayo.

Wajibu wa shule

Naandika haya katika ukurasa huu, unaosomwa na walimu na wanafunzi, kwa sababu dawa ya mazoea haya iko darasani zaidi kuliko karakanani. Serikali ya Tanzania iliunda vyombo vya kuendeleza ufundi: Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo mwaka 1973, Taasisi ya Uhandisi na Usanifu wa Mitambo mwaka 1980, na Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini mwaka 1981. Lakini chombo hakiwezi kumfundisha kila fundi aliyeko kila mji. Fundi wa kesho yupo kidato cha pili leo, akikariri maana ya kani bila kuambiwa kwamba kani hiyo ndiyo inayokata mabomba ya tela la kijijini kwao.

Vifaa vya somo hili vinapatikana katika shule yoyote. Chukua karatasi tatu zilizo sawa. Ya kwanza ikunje iwe bomba la mraba, ya pili na ya tatu zizungushe ziwe mabomba ya mviringo, na kila moja ibandike kwa gundi kwa kiasi sawa cha kupishana. Kwa kuwa karatasi ni sawa, tungamo ni sawa. Haki imetendeka tangu mwanzo. Simamisha la mraba na moja la mviringo, uweke daftari moja moja juu ya kila moja, na uhesabu. Utaona nyuso bapa za mraba zikianza kujikunja mapema, na bomba la mviringo likiendelea kubeba. Kisha lishike kila bomba kwa ncha mbili ulisokote polepole. Mwisho, lipasue bomba la tatu kwa mkasi kutoka ncha hadi ncha, ulisokote tena. Hakuna mwanafunzi atakayesahau jinsi mikono yake ilivyokosa upinzani ghafla. Baada ya hapo ndipo kanuni ziandikwe ubaoni, maana zitakuwa zimepata mahali pa kukaa.

Kazi ya pili ifanyike nje ya darasa. Wanafunzi waende kwenye karakana iliyo karibu, kwa heshima na kwa ruhusa ya mwenyewe, wakiwa na rula, mizani na daftari. Wachore mashine moja, na kwenye kila kiungo waandike: hapa chuma kinavutwa, hapa kinagandamizwa, hapa kinapindwa, hapa kinasokotwa. Kisha wamwulize fundi viungo vipi hupasuka mara kwa mara, na walinganishe majibu yake na mchoro wao. Naamini pande zote mbili zitajifunza. Fundi ana kumbukumbu ya mapasuko ya miaka mingi, ambayo hakuna kitabu kilichoiandika; mwanafunzi ana hesabu inayoweza kueleza kwa nini mapasuko hayo hutokea pale pale kila mara.

Kwa muhtasari

Chuma kinachopindwa kuelekea upande mmoja unaojulikana, chenye viungo vingi na vitu vya kufungwa kwa bolti, kiwe cha mraba au mstatili uliosimama. Kinachosokotwa, kinachozunguka, kinachosimama kama nguzo ndefu, au kinachopigwa na kani zitokazo kila upande, kiwe cha mviringo. Kinachobeba maji au mafuta yenye kanieneo kubwa kiwe cha mviringo pia, kwa maana kuta bapa hutuna. Penye msokoto pasiwekwe chuma kilicho wazi. Na kabla ya yote hayo, ulizwe upana, upimwe unene, na ijulikane kani.

Mashine moja njema yaweza kuwa na maumbo yote mawili, kila moja mahali pake: miguu na vitako vya mraba, shafti na mihimili ya mviringo. Siku mwanafunzi wetu atakapoambiwa kwamba mraba una nguvu kuliko duara, asikubali wala asikatae, bali aulize kwa adabu: "Kwa kani gani, mzee, na kwa kilo ngapi?" Akiwa na swali hilo mdomoni, atakuwa ameanza kazi ya uhandisi.